Na vita viko wapi?

Mwaka jana, Siku ya Wakimbizi, nilipita kwenye maonyesho madogo ya picha hapa Nairobi. Kijana mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa ametundika tatu: mama anauza sambaza, vile visamaki vidogo, pikipiki imebebeshwa ndizi mpaka dereva haonekani, na kinyozi akiwa kazini. Mgeni mmoja alizikagua kwa heshima zote, halafu akamuuliza, "Na vita viko wapi?"

Kijana akacheka. "Si nilivikimbia?"

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Tunapenda kusema sanaa humpa mkimbizi sababu ya kuamka asubuhi, na kwa wengi ni kweli. Ila tukishampa ukuta wa kutundikia picha, tunamdai kodi, na kodi yenyewe ni machozi. Asipolia tunahisi tumepunjwa.

Mwanamuziki Emmanuel Jal anayo machozi ya kutosha kutulipa sote. Alizaliwa Sudan ya kusini, akashikishwa bunduki akiwa mtoto, kisha akaingia Nairobi kwa mlango wa nyuma: Emma McCune, Mwingereza aliyefanya kazi za misaada, alimpandisha ndege akamleta kwa siri. Mwaka 1993 Emma akafa katika ajali ya barabarani humu humu mjini, na mtoto akabaki kuhangaika katika mitaa ya mabanda. Kuimba alianza na nyimbo za injili.

Mwaka 2005 akatoa wimbo "Gua", yaani amani kwa Kinuer, lugha ya kwao. Januari ya mwaka huo mkataba wa amani kati ya kaskazini na kusini mwa Sudan ulikuwa umetiwa saini hapa Nairobi, uwanjani Nyayo, kwa hiyo wimbo ulikuja kwa wakati wake. Ndani yake mlikuwa na Kinuer, Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, vyote katika sufuria moja. Ukavuma Kenya nzima. Mwaka uo huo ikatoka albamu aliyorekodi na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki mkongwe, Mwislamu wa kaskazini, wa upande ule ule ambao Jal alifunzwa kuupiga risasi. Hotuba ngapi za wanasiasa zingefikia hapo?

Ninachokienzi mimi ni namna Nairobi ilivyompokea. Watu walicheza kwanza, maswali yakaja baadaye. Kinuer wengi wetu hatukuambulia hata neno, lakini mdundo tuliuelewa. Leo makao yake ni Toronto, na dunia inamjua kama mtoto wa vita aliyegeuka msanii. Tukisikia "nchi mpya" akili zetu hukimbilia Kanada au Marekani. Kumbe kwake nchi mpya ilikuwa hii yetu, na mashabiki wa kwanza tulikuwa sisi.

Na bahati tusiisahau. Jal aliangukia Nairobi, penye studio na redio. Wenzake wengi walifikia Kakuma, kambi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, ambako hata safari ya kuja kurekodi wimbo inahitaji kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inazungumza vizuri kuhusu kazi na biashara, lakini maeneo yaliyotengwa wakimbizi wakae humo bado yapo. Tunawapelekea rangi, brashi na wakufunzi wa wiki mbili (wenye fulana mpya, lazima), kisha soko tunaliacha kilomita mia saba kutoka pale. Mchoraji asiye na mnunuzi ana kitu cha kupitishia muda tu, na muda ni kitu ambacho kambini hakijawahi kupungua.

Siku ile niliinunua picha ya kinyozi. Hatukupatana kirahisi, kijana anajua bei yake. Sasa iko sebuleni. Wiki iliyopita fundi wa umeme alisimama mbele yake muda mrefu, bisibisi mkononi, kisha akaniambia mteja yule ananyolewa vibaya, upande wa kushoto umepanda juu. Nikaenda kuangalia. Kweli umepanda.