Neno "run" na subira tunayomfanyia mgeni

Tangu kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, wanafunzi wa Dodoma hujifunza kueleza usanisinuru na Mkutano wa Berlin wa 1884 kwa lugha hiyo, huku neno "run" likibaki na maana moja tu, yaani kukimbia. Mimi ni mmojawapo wa waliosoma hivyo, na leo ninaishi Leeds, Uingereza, ambako ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee.

Kazini hapa neno hilo halipumziki. Hutumika kwa maji ya bomba yanayotiririka, kwa kumjazia bibi maji ya kuoga, kwa pua inayotoa kamasi, kwa homa iliyompanda mzee usiku, kwa mwenzetu anayechelewa zamu, kwa glavu zinazokaribia kuisha stoo, na kwa mama anayeisimamia nyumba nzima. Hayo yote husemwa kabla ya chai ya saa nne, na hakuna hata mtu mmoja anayekimbia.

Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la pili la 1989 lilijaa mabuku 20, ilikuwa imelipa neno "set" nafasi ndefu kuliko yote, lakini wahariri walipolipitia upya "run" walifikia maana 645 za kitenzi peke yake. Sehemu ya sababu ni mashine: viwanda, saa, treni na baadaye programu za kompyuta vilihitaji kitenzi, na Waingereza wakavipa hicho walichokuwa nacho tayari. Hata wao kwa wao hawalingani, kwa maana Mmarekani anayegombea ubunge hutumia "run", ilhali Mwingereza kwa kawaida husema amesimama.

Ninaloliona kuwa zito ni namna mgeni anavyochukuliwa. Wenyeji wa hapa hueleza jina la ugonjwa taratibu, tena kwa upole, lakini neno dogo hulipitisha kwa haraka, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kulazimika kuishi kwa lugha nyingine isipokuwa ya mama yao. Mtu akisita kidogo, huhesabiwa kuwa hajui Kiingereza, hata kama ana shahada. Hili linaniumiza kwa ajili ya vijana wetu wanaofika wakiwa wamefaulu vizuri, kisha wananyamaza vikaoni.

Nyumbani hali ni tofauti, na sidhani kwamba ni ukarimu peke yake. Mgogo wa Mpwapwa, Mrangi wa Kondoa na Msandawe wa Chemba, wengi wao, walianza na lugha nyingine kabla ya Kiswahili, kwa hiyo wanafahamu kwamba neno hufundishwa. Nimemshuhudia fundi cherehani wa Majengo akiacha kazi yake ili amweleze mwanafunzi wa kigeni kwamba kupiga pasi hakuna ugomvi wowote: alikunja kitenge, akapitisha kiganja juu yake polepole, akarudia, kisha akaongeza kupiga simu, kupiga deki na kupiga mswaki, na wateja waliokuwa wakisubiri nao wakachangia, mmoja akitaja kupiga zeze na mwingine kupiga mnada. Hakuna aliyemwona yule binti kuwa mjinga.

Ndiyo maana naamini kwamba walimu wetu wa Kiingereza wanayo hazina ambayo hawaitumii. Mtoto wa Chamwino anajua tayari kwamba kitenzi kimoja kinaweza kufanya kazi ishirini, kwa sababu "piga" anaitumia tangu asubuhi hadi usiku. Mwalimu akianzia hapo, kisha akaleta "run", "get" na "take" ndani ya sentensi za nyumbani, za bomba la maji, za duka, za mgonjwa na za basi la Kongwa, atampa mwanafunzi Kiingereza kile kile ambacho atakisikia siku ya kwanza kazini ughaibuni, na vipindi hivyo vistahili kupewa muda mrefu kuliko orodha za msamiati tunazokariri kwa ajili ya mtihani.