Salamu juu ya baiskeli: nani aanze, na imgharimu nani?

Tulikuwa wanane, Jumamosi asubuhi, tunarudi Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, tumejipanga mstari mmoja. Kwenye mwinuko mmoja tulipokaribia Mapinga tukamkuta mzee anasukuma baiskeli ya Phoenix yenye magunia matatu ya mkaa: mawili yamening'inia ubavuni mwa keria, la tatu limelazwa juu. Kwa mkono wa kushoto ameshika usukani, kwa wa kulia amelikumbatia gunia la juu lisimwangukie. Wa kwanza wetu akapita: "Shikamoo mzee!" Akajibu marahaba. Wa pili naye shikamoo, mzee marahaba. Kufika wa nne, sauti ya mzee ilishakuwa pumzi tupu. Wa sita alipomsalimia, mzee aligeuza kichwa amtazame, na gurudumu la mbele likamvuta kuelekea mtaroni. Mimi nilikuwa wa nane. Nilimwona akikaza miguu, akaurudisha usukani, akasimama kuvuta pumzi. Nikapita kimya, huku nikijiona mkosaji mara mbili: sikumsalimia, na tulikuwa tumemsalimia mno.

Lawama iliyozoeleka juu yetu sisi wa mazoezi, wa kofia ngumu na nguo za kubana, ni nyingine kabisa. Tunaambiwa tunaringa. Fundi anayeniziba pancha pale Tegeta, chini ya mkungu, aliwahi kunieleza jinsi wateja wake wa mizigo wanavyotuona: "Mnapita kama mmefukuzwa. Mtu unashtukia kivuli mgongoni, huyoo kashapita, hata hujambo hakuna." Siwezi kumbishia. Baiskeli ya gia iliyotunzwa haina mlio, na nyingi tunazoendesha hazina kengele, eti zinaongeza uzito na kuharibu sura ya usukani. Aliyefunga matenga nyuma hawezi kugeuka akaangalia nani anakuja. Akishtuka, anayumba, na kule anakoyumbia ndiko lori linakopita. Ukiitazama hivyo, salamu ni adabu na papo hapo ni taarifa: nipo, nakuja, sikukusudii baya.

Nawasikiliza pia wenzangu wanaoipinga, maana hawakosi hoja. Ukiwa kwenye msafara, gurudumu lako la mbele liko nusu mita nyuma ya la mwenzio, mnakwenda kilomita 35 kwa saa, na bega la barabara limemeguka. Mkono ukitoka kwenye usukani kwa ajili ya kupunga, shimo moja linatosha kuwaangusha wote walio nyuma yako. Halafu yuko mtu aliyefika ukingoni mwa nguvu zake, macho yanaona lami tu. Ukimwita ana maringo unamwonea. Yule hata mkewe asingemtambua dakika ile. Mmoja wetu husema kwa uchungu kabisa kwamba anaamka saa kumi usiku ili apate saa mbili za kuwa peke yake duniani, na anaomba asidaiwe salamu. Naiheshimu kauli hiyo. Watu wengi wanapanda baiskeli kutafuta ukimya.

Hoja nyingine wanayoipenda ni ya Uholanzi. Kule baiskeli ni nyingi kuliko watu, na asubuhi za Amsterdam mamia wanapishana bila neno, wala hakuna anayenung'unika. Wanaopungiana mikono ni wachache wanaokutana nje ya mji. Basi, wanasema wenzangu, salamu ni dalili ya uchache: mkiwa wachache mnatafutana, mkiwa wengi mnapita.

Kwa mjini nawakubalia. Kando ya Barabara ya Morogoro, sambamba na mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, kuna njia ya baiskeli. Kati ya Ubungo na Magomeni, saa 12 asubuhi, unagawana njia hiyo na mafundi ujenzi, wauza madafu, walinzi wanaotoka zamu, watembea kwa miguu na pikipiki zisizotakiwa kuwepo. Ukitaka kumsalimia kila mmoja hutafika Magomeni. Hakuna anayekudai salamu pale, kama ambavyo Kariakoo husalimii kila unayegongana naye bega. Kinachotakiwa kwenye makutano ni jicho: umemwona, amekuona, nani apite kwanza. Basi.

Ila ukishavuka Bunju, ukauacha mji nyuma, hoja ya Uholanzi inaniishia. Kwetu salamu haikuzaliwa na uchache. Kijijini watu wanafahamiana wote na bado wanasalimiana, tena kwa urefu, mpaka mifugo imeulizwa hali. Barabara ya lami ikipita mbele ya kibaraza cha mtu, kwake hiyo ni njia ya nyumbani. Wewe uliyetoka Mikocheni na baiskeli yako ndiye mgeni, na mgeni hapiti kimya.

Sasa, nani aanze? Hapa ndipo desturi zetu mbili zinapokutana, na hazisemi kitu kimoja. Ya kwanza ni ya umri: mdogo humwamkia mkubwa. Shikamoo kwa asili yake ni kauli ya kushika miguu, na anayeshika ni mdogo. Ya pili ni ile ambayo Waislamu wa pwani wanalelewa nayo tangu madrasa, hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na sahaba wake Abu Huraira: aliyepanda amsalimie anayekwenda kwa miguu, anayekwenda amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi. Hii ya pili imenifikirisha sana, kwa sababu imetungwa njiani na kwa ajili ya njiani. Inaangalia hali ya mtu wakati ule, yuko juu ya nini, na wanazuoni wameeleza hekima yake kuwa ni kumkinga aliyepanda asiingiwe na kiburi cha kipando chake.

Wote wawili wakiwa juu ya baiskeli, mtu anaweza kusema basi wako sawa. Hawako sawa. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, zinakataza baiskeli ya mashindano kupungua kilo 6.8. Yaani wepesi umefika mahali pa kuwekewa kikomo. Phoenix tupu inazidi kilo 20, kabla hujafunga gunia la kwanza. Nikimpita mwenye mkaa kwenye mwinuko, mimi ndiye mwenye kipando na yeye ndiye anayekwenda kwa miguu, hata kama sote tuna magurudumu mawili. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mwepesi aanze. Asiye na mzigo, anayekwenda kasi, aliyetoka kwa hiari yake, ndiye mwenye deni. Hata akiwa mkubwa kwa umri, hata akiwa bosi wa mtu fulani.

Hapo sijamaliza tatizo la mzee wa Mapinga, maana sisi tulianza. Ukiniondoa mimi niliyepita kimya, wenzangu walianza, mmoja baada ya mwingine. Kosa letu lilikuwa kwamba shikamoo haiendi peke yake. Inadai marahaba, na mzee wa Kiswahili hawezi kuiacha salamu ikaanguka chini. Kila aliyempa heshima alimchukulia pumzi moja. Tambarare, pumzi hiyo si kitu. Kwenye mwinuko na magunia matatu, ni pumzi ya kulishikilia gunia.

Tulibishana sana juu ya hili tuliposimama kunywa maji. Niliwaambia kwenye mlima tuseme "pole na mzigo" tu, maana jibu lake ni jepesi, "ahsante" au "nishapoa", na hata asipojibu hajavunja adabu. Mwenzetu mmoja alikataa katakata. "Mzee unampa shikamoo yake. Pole ni ya mgonjwa na mfiwa. Ukimpa pole na magunia yake umemwambia nakuhurumia, na hakukuomba huruma." Ni hoja nzito na nimeibeba siku nyingi. Mwishowe sikuifuata yote. "Pole na kazi" tunaambiana kila siku, mwashi kwa mwashi, muuguzi kwa muuguzi, bila mtu kujiona amedhalilishwa. Inategemea inatoka mdomoni vipi. Ila amenibadilisha kwenye tambarare na kwenye mteremko: pale mzee anapata shikamoo yake kamili, na ninapunguza mwendo niisikie marahaba. Kuamkia mtu kisha ukaondoka jibu halijatoka ni vibaya kuliko kunyamaza.

Yapo mambo mawili ambayo wanaosema "salimianeni tu" hawayaangalii vya kutosha. Moja ni kamera. Baadhi yetu wamefunga kamera kwenye kofia, na salamu zao huwa kubwa zaidi inapowaka. Muuza kuku anasalimiwa kwa bashasha, kisha anaonekana kwenye simu za watu asiowajua, hajaulizwa. Nawasihi waache. La pili ni wanawake. Dada mmoja tunayeendesha naye, anayenyonga peke yake siku za kazi kwenda ofisini, ana kipimo chake: salamu inayopita na kwenda zake ni salamu, inayopunguza mwendo ili iende sambamba naye, tena na "unaishi wapi", ni jambo jingine. Huwa hajibu ya pili, na anaitwa mwenye maringo kwa sababu hiyo. Tunapodai kila mtu ajibu salamu, yeye ndiye anayebeba gharama. Kwa hiyo kwake deni halipo. Mwanamume anayempita mwanamke aliye peke yake na aseme "habari" moja kwa sauti ya kawaida, aendelee na safari yake, wala asigeuke nyuma kutafuta jibu.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nahangaika na dakika hizi za kupishana. Nahangaika kwa sababu mpaka kati ya makundi haya ni mwembamba kuliko nguo zinavyoonyesha. Rwanda, iliyoandaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani mjini Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza mashindano hayo kufika Afrika, imewahi kuwa na waendesha baiskeli wa timu ya taifa waliojifunzia miguu kwa kubeba abiria na viazi. Kenya, Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizijua barabara za mji wa Kikuyu akiwa kijana nyuma ya mwendesha baiskeli David Kinjah, ambaye nyumba yake ilikuwa wazi kwa vijana wa kijiji wenye baiskeli za kuungaunga. Na kabla neno bodaboda halijawa la pikipiki, lilikuwa la wanyonga baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Tunayempita leo na matenga angeweza kutuacha mbali kesho, akipewa baiskeli nyepesi na miezi sita ya kula vizuri. Mara nyingi nimejaribu kumfuata kijana wa mikate kwenye tambarare ya Boko, keria yake imejaa, nikashindwa kumkamata.

Na tunagawana hatari ileile. Dereva wa basi anayetukata akiwahi abiria hachagui nguo. Mwenye mkaa anayenijua kwa sura, hata kama hajui jina langu, ataniambia mbele kuna mchanga umemwagika. Mara mbili nimeonywa hivyo, na mara zote mbili na mtu niliyekuwa nimemsalimia wiki za nyuma.

Kwenye kundi letu tumepata njia inayotufaa. Hadithi nyingine inafundisha kwamba kundi likipita, mmoja wao akisalimia inawatosha wote, na wanaojibu vilevile mmoja anatosha. Tumeichukua, hata sisi tusio Waislamu. Wa kwanza kwenye mstari anatoa taarifa tu, mapema, akiwa mita 20 nyuma: "Tunapita kulia kwako, baba!" Sita wa katikati wananyamaza, mikono kwenye usukani, nao hawana deni. Wa mwisho ndiye anayesalimia, kwa niaba ya wote, kwa sababu hana mtu nyuma wa kumgonga na anaweza kupunguza mwendo. Yeye ndiye anayetazama pia: ni mwinuko au tambarare, mtu ana pumzi au hana, achague shikamoo, pole, au kuinua kidevu tu. Mkaidi wetu wa shikamoo amekubali kwa sharti kwamba asiwekwe wa mwisho siku za milima.

Juzi Jumamosi zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Mwinuko uleule, mtu mwingine, kijana, matenga mawili ya kuku nyuma, ananyonga kwa kusimama, jasho linamdondoka puani. Saba walishapita. Nikamwambia "pole na mzigo, kaka" nikamwacha. Hakusema neno. Nilipofika juu nikasikia nyuma yangu kengele, ya chuma, ya kizamani, ikilizwa kwa kidole gumba: kri-kring, kri-kring.