Jiwe la Naivasha lilifikaje Eyasi?

Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wanaakiolojia walichimbua zana ndogo za obsidiani, kile kioo cheusi kinachotokana na lava iliyopoa haraka. Jiwe hilo halipatikani pale. Vipimo vya kemia vilivyochapishwa na Merrick na Brown mwaka 1984 vilionyesha kwamba lilitoka eneo la Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, umbali wa kilomita 300 hivi. Na baadhi ya vipande vilikuwa kwenye tabaka za Zama za Mawe za Kati, makumi ya maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe kuonekana katika nchi hizi.

Chimbuko la jiwe halina utata mkubwa. Kila mlipuko wa volkano huacha mchanganyiko wake wa elementi kama zirkoni na rubidi, na leo mashine ya eksirei husoma mchanganyiko huo bila kuharibu zana. Utata unaanza pale tunapouliza ni nani aliyelibeba.

Wapo wanaoona katika umbali huo dalili ya mabadilishano: kundi moja lampa jirani, jirani ampa jirani yake. Hoja yao ina mashiko. Wasan wa Kalahari wana desturi ya hxaro, ambapo zawadi hupita mkono kwa mkono hadi kufika mbali sana, na undugu unaojengwa hivyo huwa kinga wakati wa ukame. Lakini wawindaji nao hutembea. Huko Olorgesailie, kusini mwa Kenya, obsidiani ya miaka 300,000 hivi iliyotangazwa mwaka 2018 ilitoka kilomita 25 hadi 50. Watafiti wake waliihusisha na mitandao ya kijamii, ila kwangu mimi safari ya namna hiyo kundi moja lingeweza kuimaliza lenyewe. Kilomita 300 ni habari nyingine. Hapo naegemea upande wa mabadilishano, ingawa sithubutu kuyaita biashara, kwa kuwa vipande vya Mumba ni vichache mno.

Wingi ndio unaobadilisha hukumu, na kwa wingi tusogee hadi kwa wafugaji wa miaka 3,000 iliyopita. Waliotumia zana za mtindo wa Elmenteita walichukua obsidiani kutoka Mlima Eburru, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha. Huko Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria, karibu kilomita 200 kutoka mlimani, zana nyingi ni za jiwe hilohilo. Huwezi kulisha mahitaji ya kila siku kwa zawadi za bahati. Lazima kulikuwa na njia inayojulikana na watu wa kuaminiana.

Wafugaji wengine wa zama hizo, wenye vyungu na zana za mtindo tofauti, walipendelea machimbo ya bonde la Naivasha. Kwa miaka mingi wataalamu walichukulia tofauti hiyo kuwa alama ya mataifa mawili yaliyohamia kwa njia mbili. Kisha mwaka 2019 ukatoka utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya Kenya na Tanzania, na wafugaji wa mitindo yote miwili wakaonekana kuwa na asili inayofanana sana.

Je, mawe yalitudanganya? Sidhani. Watu wa damu moja wanaweza kugawana malisho, ndoa na machimbo kwa mipaka mikali, na mipaka hiyo ndiyo iliyobaki kwenye mawe. Kosa lilikuwa kulitaka jiwe litoe ushahidi wa nasaba. Kwa upande mwingine, mifupa iliyopimwa ni ya watu wachache, na vinasaba havisemi nani aliruhusiwa kupanda Eburru kuchimba.

Mwanga zaidi utatoka kwenye takataka za uchongaji. Mabonge yenye ganda la nje yakionekana mbali na chimbo, waliyabeba ghafi. Vikionekana visu vidogo tu vilivyonolewa mpaka vikaisha, vilipita mikono mingi. Vibanzi hivyo vinastahili kuhesabiwa na kutunzwa kwa uangalifu uleule tunaoupa mafuvu.