Kinachotusumbua visiwani si sindano, ni kichupa cha dozi kumi

Kila nikikutana na habari za vibandiko vya visindano, kichwa cha habari ni kilekile: chanjo isiyouma. Picha nayo haibadiliki, mtoto anacheka na mkononi kabandikwa kitu kama plasta. Sina ugomvi na mtoto kucheka. Ila kwa sisi wa kando ya Ziwa Victoria, maumivu ni sababu ya mwisho kabisa ya kukitaka kibandiko hicho. Tukiimeza hoja ya maumivu kama ilivyo, tutaletewa kitu kizuri kwa sababu isiyo yetu na kwa bei isiyo yetu.

Kwanza kitu chenyewe, maana wengi wanadhani ni ndugu wa zile plasta za mgongo zinazouzwa stendi. Ngozi ya mtu ina tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa, unene wake kama mikroni 10 hadi 20, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Tabaka hilo jembamba ndilo linalozigomea dawa karibu zote. Plasta ya kawaida hupitisha dawa chache zenye molekuli ndogo zinazoelewana na mafuta. Chanjo haipiti hapo hata ukiibandika mwezi mzima. Kibandiko cha visindano kina safu za ncha nyingi, kila moja haifiki au haizidi sana milimita moja, zinazotoboa tabaka hilo na kuishia juujuu, bila kuzama hadi kwenye msuli kama sindano tuliyoizoea.

Kwenye aina inayonivutia mimi, ncha zenyewe ndiyo dawa. Chanjo huchanganywa na sukari na vitu vingine vya kuishikilia, ikamiminwa kwenye kalibu yenye vitundu, ikaachwa ikakauka. Ukibandika, ncha zinayeyuka ndani ya ngozi kwa dakika chache. Unachobandua ni kipande kitupu kisicho na ncha ya kumchoma mtu. Na ngozi si mahali pabaya pa kuweka chanjo, kwani imejaa seli za kinga, na ndiyo maana BCG, chanjo ya kifua kikuu, huchomwa ndani ya ngozi tangu zamani. Nesi yeyote atakwambia ilivyo kazi kuilenga ngozi ya mtoto mchanga kwa sindano ya kawaida.

Kuna aina nyingine: za metali zilizopakwa dawa, zenye tundu katikati, na zile zinazotoboa tu kisha dawa ikapakwa juu. Hii ya mwisho haitamshangaza mzee wa Kisukuma aliyewahi kuchanjwa chale na kupakwa dawa ya unga kwenye mikato. Tofauti ni kwamba hapa kiasi kinajulikana na wembe hautoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hata jicho limefikiwa: mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya uvimbe wa ndani ya jicho inayoingizwa kwa kisindano cha milimita moja hivi. Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Alza ilipata hataza yake mwaka 1976, lakini mashine za kuchonga ncha ndogo kiasi hicho hazikuwapo. Zilikuja na viwanda vya chipu za kompyuta, na mwaka 1998 ndipo Mark Prausnitz na wenzake wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, wakaonyesha kwamba ngozi ikitobolewa hivyo dawa inapita kweli.

Sasa turudi huku kwetu.

Shemeji yangu anaishi kwenye kimojawapo cha visiwa vya Ukerewe. Siku moja nilimsindikiza kliniki kwenye zahanati ambayo sitaitaja, mtoto wake ametimiza miezi tisa, umri wa dozi ya kwanza ya surua na rubela. Tulikaa kwenye benchi mpaka nesi akatoka na daftari, akapitisha macho kwa kina mama, akahesabu.

"Mama Kulwa, wako ana miezi tisa?"

"Ndiyo, nesi, ametimiza juzi."

"Mko watatu tu. Njooni Alhamisi ijayo, jamani. Na yule mwenzenu wa kule mwaloni mwambieni aje na wake."

Kina mama wakaguna, wakafunga kanga, wakaondoka. Shemeji alirudi Alhamisi. Mama wa mwaloni, kule wavuvi wanakotia nanga, sikumwona. Na hakuna cha ajabu hapo, kwa sababu kambi za dagaa hufuata giza la mwezi na samaki, leo ziko hapa, wiki mbili mbele ziko kisiwa kingine.

Nilikasirika siku ile, ila hasira yangu sikuielekeza kwa nesi. Mtazame alivyobanwa. Chanjo ya surua na rubela kwetu huja kama unga mkavu kwenye kichupa cha dozi kumi. Ukishauchanganya na maji yake, una saa sita, baada ya hapo kilichobaki unamwaga. Shirika la Afya Duniani linasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na ni sawa kabisa, kwa kuwa mtoto aliyeugua surua ni gharama kuliko dozi tisa zilizomwagwa. Lakini nesi ndiye anayeandika ripoti ya mwezi. Ni yeye atakayeulizwa dozi saba zimekwenda wapi, na akiishiwa kabla ya boti kuleta nyingine, ni yeye atakayetazamana na kina mama. Kwa hiyo anasubiri wafike saba, wanane. BCG ndiyo balaa zaidi, kichupa chake kina dozi 20.

Hiyo ndiyo shida ambayo kibandiko kinaigusa moja kwa moja. Kibandiko kimoja ni dozi moja. Hakuna kuchanganya, hakuna saa sita, hakuna kuhesabu vichwa kwenye benchi. Amekuja mtoto mmoja, amebandikwa mmoja.

Ya pili ni baridi. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu bohari mpaka bega la mtoto. Mnyororo baridi huo hupita Mwanza mjini bila taabu, ukapanda kivuko mpaka Nansio, halafu ukaingia kwenye mtumbwi wa injini ndani ya kikasha chenye vipande vya barafu, na hapo lolote linaweza kutokea: upepo, injini kugoma, mafuta kuisha. Mwaka 2017 Sudan Kusini watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua iliyotolewa ovyo. Bomba moja la sindano lilitumika kwa watoto wengi, na chanjo ilikaa siku kadhaa bila jokofu. Lile lilikuwa kosa la watu wasiofundishwa, si la chanjo, lakini linaonyesha kichupa kinadai nini kwa anayekishika. Dawa iliyokauka ndani ya visindano huwa mvumilivu zaidi. Kibandiko cha chanjo ya mafua kilichojaribiwa Marekani, ambacho matokeo yake yalichapishwa mwaka huohuo wa 2017, kilibaki na nguvu hata baada ya kukaa mwaka mmoja kwenye nyuzi 40. Mwanza haifiki huko hata Oktoba.

Na kwa surua yenyewe Afrika imeshaonja. Gambia ilifanya jaribio kati ya mwaka 2021 na 2022, watu wazima 45, watoto 120 wa miezi 15 hadi 18, na wachanga 120 wa miezi tisa hadi kumi. Kibandiko kilikuwa cha kampuni ya Micron Biomedical ya Atlanta, chanjo ya ndani ilitoka Serum Institute ya India. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2024: zaidi ya asilimia 90 ya wachanga walipata kinga ya surua kwa dozi moja, na wote wakapata ya rubela, sawasawa na waliochomwa sindano. Watoto wengi walipata kaugumu kwenye ngozi pale kilipobandikwa, kakaisha kenyewe. Ni jaribio dogo, la kuangalia usalama kwanza, na halitoshi kuidhinisha kitu. Lakini ni kichanga cha Kiafrika kilichobandikwa, si panya wa maabara.

Hapa ndipo wapenzi wa teknolojia wanaponichosha. Wakishaona hilo, wanaruka mpaka kwenye kuzika sindano kabisa. Haiwezekani, na sababu ni ya hesabu. Dozi ya chanjo hupimwa kwa mikrogramu. Kibandiko kidogo hubeba miligramu chache tu, mara nyingi haifiki hata moja. Mtoto wa kilo 15 mwenye malaria kali anahitaji artesuneti miligramu 45 kila dozi, tena haraka. Mtu mzima anayechomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, anapewa gramu nzima. Huwezi kuviingiza vitu hivyo kwenye ncha ndogo kuliko punje ya mchanga, labda umfunike mgonjwa kwa vibandiko mwili mzima. Dripu za hospitali zetu za Bugando na Sekou Toure zitaendelea kuning'inia.

Kuna na suala la kufika sawasawa. Kampuni ya Zosano ilikuwa na kibandiko cha kipandauso chenye ncha za titani. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakikataa, mojawapo ya hoja ikiwa kiasi cha dawa kwenye damu kilichopanda kuliko ilivyotarajiwa kwa baadhi ya watu. Miaka miwili baadaye kampuni ikafilisika. Ncha ndogo inategemea umebonyeza kwa nguvu gani, ngozi ina jasho kiasi gani, mkono umetulia au mtoto anarusha mateke. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kitauzwa dukani mama ajibandikie mwanawe nyumbani. Nani ataandika kwenye kadi? Kipewe wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waliofundishwa, wanaofika kambini kwa miguu. Kwenye maduka ya dawa ya mitaani kisikanyage.

Tena tusijidanganye kwamba watu wetu watakikimbilia. Mtu wa Igoma au wa Sengerema akiumwa, anataka sindano. Akipewa vidonge anaona amedharauliwa, anakwenda kumtafuta atakayemdunga hata isipohitajika. Dawa yenye nguvu, kwa imani yetu, lazima iume kidogo. Sasa mletee plasta isiyouma hata chembe, umwambie ndiyo chanjo ya surua. Atakutazama. Kwa hiyo lile tangazo la "haiumi" linaweza kugeuka kuwa sababu ya kutokiamini. Ningekuwa mimi ndiye ninayepita na spika mwaloni, ningesema: haisubiri wenzako, ukija peke yako unapewa.

Na imani hiyo inaweza kuharibiwa mapema na watu wengine kabisa. Rola zenye visindano vya kuoteshea ndevu na kung'arishia uso ziko mtandaoni na kwenye baadhi ya saluni, mtu anajikwaruza usoni kisha anapaka mkorogo juu. Ukishafungua ngozi, kilichopakwa juu kinaingia, kiwe dawa au sumu, na rola ikishirikiwa ni damu inashirikiwa. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ina kazi hapo kabla kibandiko cha chanjo hakijafika bandarini.

Mwanza isikae kusubiri kuletewa. Hapa ndipo ulipofanyika utafiti wa DoRIS, chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na washirika wake, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kuangalia kama dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatosha badala ya mbili au tatu. Ushahidi huo ulikuwa sehemu ya yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani likubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia huko mwaka 2024. Watu wa kufanya kazi hiyo wapo Mwanza, wana uzoefu wa kukaa na wazazi na kueleza utafiti kwa Kiswahili na Kisukuma. Hata malighafi ina mzaha wake: mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walichapisha kazi ya visindano vilivyotengenezwa kwa magamba ya samaki jamii ya sato. Pita Kirumba Mwaloni asubuhi uone magamba yanavyokanyagwa. Sisemi tufungue kiwanda kesho. Nasema tu kwamba anayekanyaga magamba hayo ana haki ya kuuliza maswali.

Langu la kwanza ni la bei. Kichupa cha dozi kumi kimeshinda miaka yote kwa sababu ni rahisi, na bomba la sindano nalo ni la bei ndogo. Kibandiko kitaanza kwa bei ya juu, halafu mtu wa fedha ofisini atalinganisha dozi kwa dozi, aone kimeshindwa. Hesabu hiyo haina dozi zilizomwagwa, haina barafu, haina mafuta ya boti, na haimhesabu mtoto wa mama wa mwaloni ambaye hakurudi Alhamisi. Wizara ya Afya ikikaa mezani na Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, iende na hesabu kamili ya kumfikia mtoto mmoja kisiwani.

La pili ni mahali. Jaribio kubwa likija Tanzania, kishawishi kitakuwa kulifanya mjini, kwenye kituo chenye jokofu, umeme na benchi lililojaa, ambako kichupa cha dozi kumi hakina shida yoyote na kibandiko kitaonekana anasa. Lipelekwe kambi za dagaa, kwenye visiwa visivyofikiwa na kivuko, na wahudumu wa jamii ndio wabandike.