Bahari ipo pale, mimi nahangaika na kambale

Jamani Mtwara kuchele, ila kwenye bwawa la mtaani kwetu bado usiku. Naliita bwawa kwa heshima tu, lilikuwa shimo la kuchimba moramu, mvua zikalijaza, mtu akamwaga vifaranga vya perege, na sisi tusio na ngalawa wala hela ya changu wa feri tukawa wavuvi. Mama watoto kila akiniona nakunja mshipi anauliza kwani bahari si ile pale? Ndo ile pale mama, bei yake umeiona?

Na wala sigombani na samaki, nagombana na majirani. Natupa ndoana upande huu, upande ule kuna binti kashusha mabeseni ya nguo anafua, povu linakuja taratiiibu mpaka linazunguka boya langu, halafu ananisalimia, "Shikamoo baba Asha, hujapata tu?" Marahaba mwanangu, ntapataje na wewe unawaogesha? Bodaboda nao wanaosha pikipiki palepale, oili inatandaa juu ya maji rangirangi, ukiwaambia wanakujibu mzee kwani bwawa la kwako. Mvua za 2024 zile mpaka barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, vyoo vya shimo vilivyo pembeni vilifurika vyote vikaja kutusalimia bwawani, na hakuna aliyesema kitu maana kila mtu alikijua cha kwake.

Mifuko ya plastiki ndo usiseme. Serikali ilishapiga marufuku toka Juni 2019, dukani ukiuliza hakuna, ila mimi kila nikivuta mshipi mzitomzito nakuta ninao. Sijui ya bwawani ina kibali chake.

Halafu kuna mzee wa kijiweni, mtaalamu wa kila kitu, anasema maji yakiwa ya kijani ndo mazuri, yana rutuba. Rutuba ipo babu nakubali, tena imezidi! Sabuni na vyoo vyote vile ni mbolea, mwani unakula unashiba unatanda juu, mchana kweli unatoa oksijeni, ila jua likizama nao unaanza kuivuta, na ukifa ukaoza chini ndo balaa. Ndo maana alfajiri unawakuta perege wamejipanga juu midomo wazi, watoto wanashangilia "wana njaa, wana njaa" wanawazoa na ndoo. Njaa gani, wenzenu wanakata roho pale! Na jioni nasikia mtaani harufu ya kukaanga.

Anayetesa ni kambale. Yule mwamba ana kitu chake juu ya mashavu, anapanda anavuta hewa ya juu kama mimi na wewe, maji yawe supu yawe lami yeye anadunda. Kwa hiyo mimi naenda kutafuta perege narudi na kambale, na mama watoto hataki hata kumuona, eti samaki ana sharubu na kakulia kwenye maji ya choo.

Nikampigia binamu yangu yuko Mwanza nikitegemea pole, akacheka, akasema sisi Mto Mirongo unapita katikati ya jiji unabeba taka zetu zote unaingia nazo Ziwa Victoria na gugu maji juu, we unalia na dimbwi? Nikamwambia nyie mna ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lina pa kuzificha, letu hata mfuko mmoja unaonekana kuanzia msikitini. Akakata simu, nadhani salio.

Sasa juzi kaja kijana mmoja ana miwani meusi, anataka kuweka viti vya plastiki na spika pale, apaite bichi, kiingilio buku. Akanambia mzee wewe usihame, kaa hapohapo na mshipi wako watu wapige picha. Nimemuuliza analipa shingapi kwa siku, na kambale nao wanalipwa au wanajitolea, mpaka leo hajarudi.