Thanos Amesamehewa, Keateka Bado

Mi keateka wa hii ploti nauliza tu, na msinijibu haraka. Kosa langu haswa ni gani?

Jumamosi stima haikupotea, muujiza huo hapa Kaptembwo, sasa mpangaji wa namba saba akageuza tivi ikaangalia mlango, watoto wakakalia mitungi ya maji, watu wazima tukajipanga kwa korido na chai ya rangi na kangumu. Ikaanza ile muvi ya 2018 ya Thanos. Jitu zambarau linapiga vidole mara moja tu, nusu ya viumbe vyote vinageuka vumbi. Nusu! Hakuna aliyeshtuka. Namba tano mtu na akili zake akasema "lakini huyu jamaa ana pointi, tumekuwa wengi," na yeye ndiye ako na watoto sita kwa singo moja.

Halafu wakaweka Harry Potter, ile ya 2007 iko na mwalimu anaitwa Umbridge. Mama wa watu anavaa pinki, anapenda paka, anatabasamu, kila siku sheria mpya inapigiliwa ukutani, na kijana akikosea anapewa kalamu ya kuandika kwamba hatasema uongo, maneno yanajichonga kwa ngozi ya mkono wake. Wee! Korido ilichemka. Mama wa namba mbili, mtu wa kanisa kabisa, alirusha kandambili ikakosa skrini kidogo tu. Na muvi hiyo hiyo iko na Voldemort, aliua wazazi wa huyo kijana, hana hata pua, lakini hakurushiwa hata ganda la njugu.

Nikauliza mbona. Namba saba akaniambia, "Mzee, Voldemort nitakutana naye wapi, stegi ya matatu? Lakini huyu mama nilimpata klasi sita, nikampata tena dirishani nikifuata kitambulisho, ananiambia rudi kesho huku anacheka. Halafu anakuumiza akidhani anakunyoosha, na kila kitu ako na karatasi yake."

Nikaona hayo ni maneno ya mtu mzima, nikatikisa kichwa. Shida ni kifua, vumbi la Nakuru limenimaliza, nikakohoa. Kakohozi kadogo, "ehem." Kumbe yule mama kwa muvi hukohoa hivyo hivyo akitaka kukatiza mtu. Korido yote ikageuka. Mtoto wa namba nne, ambaye mimi ndiye humpandia paa kumtolea mpira, akaninyooshea kidole, "Ambriji!"

Walicheka mpaka namba tano akamwaga chai.

Sasa hebu tuongee. Mfereji nafunga saa mbili asubuhi kwa sababu bili ni ya ploti nzima na namba tisa anafulia watu nguo za pesa. Kufuli ya wenye hawajalipa sikununua mimi, mimi huifunga tu, na huwa nasema pole nikifunga. Notisi ukutani ziko nane peke yake, na hiyo ya nane ni ya kukumbusha watu kusoma zile saba. Tabasamu ndio nilizaliwa nalo, nifanyeje?

Na mwenye ploti, aliyepandisha renti mara mbili mwaka huu, akiingia na gari lake watoto wanakimbia kulishika, mama zao wanamwitia chai, "karibu mzee, umepotea!" Thanos wetu huyo. Hata njugu hajarushiwa.

Tarehe tano nilianza kuzunguka milango nikabana kikohozi mpaka machozi yakatoka, nikafika kwa namba nne kikanishinda. Ndani redio ikazimwa. Taa ikazimwa. Nikasikia mtoto ananong'ona, "ni yeye."

Basi leo nimeenda dukani kununua makapeni, niandike notisi ya tisa kwamba ni marufuku kuita keateka majina ya muvi. Nyeusi zimeisha, bluu zimeisha. Imebaki ya pinki.