Wazee Wangu wa Dakika Saba

Nikiwa mwaka wa tatu wa chuo hapa Lubumbashi, nilipewa kazi iliyowatia wenzangu wivu: niende maktaba ya muziki, nivae kaske masikioni, nisikilize santuri moja ya zamani, kisha niandike kurasa nne. Mama alikataa kuamini. "Unaenda kusoma ao unaenda kucheza?"

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja chenye mapazia mazito, makabati ya chuma, na Papa mwangalizi anayebeba kila santuri kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Hakosei: zile za kabla ya plastiki zikianguka ni kama sahani ya udongo. Mimi nilitarajia kupewa Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi mwaka 1952. Nikapewa santuri ambayo karatasi yake ya katikati imeliwa na mende.

"Hii hakuna anayejua ni ya nani," Papa akasema. "Utatuambia weye."

Akabadilisha sindano, maana mifereji ya santuri hizo ni mipana. Mara akaitwa mlangoni. Sindano nikaishusha mwenyewe.

Mungu wangu! Sauti nzito za wanaume, kama zinatoka chini ya ardhi. Maneno hayashikiki, yamelowa machozi. Kitu kinagonga: duuu... duuu... Nyundo! Na kila baada ya muda, mlio mrefu unapanda polepole kisha unazama, kama king'ora cha kiwanda kinachoita zamu ya usiku. Nikajua papo hapo: wachimba shaba wa enzi za Wabelgiji wanamlilia mwenzao. Nikafumba macho, nikaifuatisha ile bezi. Ukivaa kaske hujisikii.

Papa akaja kunishika bega. "Mutoto, tumbo inakuuma?"

Niliangalia saa: upande mmoja, dakika saba. Nikaandika (na nione haya mpaka leo), "Wazee hawa hawana haraka, maana kifo nacho hakina haraka."

Siku ya kusoma darasani niliisoma kazi yangu kwa sauti ya msibani. Msichana wa mstari wa mbele akatoa kitambaa. Baadaye aliapa kwamba yalikuwa mafua. Profesa alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, mpaka nilipofika kwenye muda.

"Umesema dakika ngapi?"

"Saba, Profesa."

"Upande mmoja?"

"Mmoja."

Akavua miwani. "Santuri ya inchi kumi, ya zamani hivyo? Haibebi zaidi ya dakika tatu na kidogo."

Tukaongozana darasa zima hadi maktaba. Papa akainama, akaangalia swichi pembeni ya mashine. Ilikuwa kwenye 33, kasi ya santuri za plastiki. Yetu ilitaka kuzunguka mara 78 kwa dakika. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kaburi la baba yake. Kisha akachomoa kaske ili wote wasikie, akaisukuma swichi.

Wasichana! Kundi zima la wasichana, sauti nyembamba kama za ndege wa asubuhi, wanamtania bwana harusi anayemaliza bukari ya watu wanne peke yake. Nyundo zangu zilikuwa makofi. King'ora changu kilikuwa vigelegele. Na yale machozi ya wachimba shaba yalikuwa kicheko. Kuna mmoja mle ndani aliyeshindwa kabisa kujizuia. Darasa likaanza kucheza katikati ya makabati, Papa anapiga kelele, "Musiguse! Musiguse!" Aliyeongoza ni yule wa mafua.

Profesa alingoja wimbo uishe. Akachukua kurasa zangu nne, akaandika juu kwa kalamu nyekundu: 7/20.

"Moja kwa kila dakika," akasema, akamwomba Papa arudishe sindano mwanzo.